Mwaka Tuliomlilia Papa Kazadi

Nilifika Likasi mchana, mvua ikiwa imekatika muda mfupi tu, nikakuta viti vya plastiki vimejaa uani na wanaume wamezunguka moto uliokataa kuwaka. Mama Justine alikuwa bado hospitali, chumba cha maiti. Nyumbani palikuwa na picha yake, mshumaa, na wanawake wamekaa chini. Nilivua viatu barazani, nikaingia, nikakaa waliponipisha. Magoti yangu hayapendi sakafu siku hizi, na nimehudhuria vilio vingi kiasi kwamba kitu cha kwanza ninachoangalia ni jinsi mikeka ilivyotandikwa. Kwetu Katanga kila mtu ana mahali pake kwenye kilio. Ndugu wa marehemu upande huu, wakwe upande ule, na karibu kabisa na picha, mkeka wa aliyefiwa na mwenzake, ambaye hapaswi kukaa kwenye kiti wala kuondoka pale mpaka mazishi yapite. Siku hiyo mkeka ulikuwepo, umekunjwa na kuegemezwa ukutani. Nilimuuliza Aimée, binti wa kaka wa marehemu, aliyekuwa akipanga mambo yote, mbona haujatandikwa. Akaniangalia kwa upole ule tunaowapa mashangazi waliozeeka na kusahau. "Tantine, weye unajua muzuri. Bwana yake alikufwaka zamani. Nani atauikalia?" Dirishani nilimwona mzee ambaye mtaa mzima unamwita Shemeji, amekaa kati ya wanaume, kofia mapajani, anaangalia moshi. Nikanyamaza, maana kuanza kumweleza Aimée kungenichosha kuliko safari niliyotoka nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia nyumba hiyo mara ya kwanza. Habari za kwetu haziingii hapa. Itoshe kwamba nilikuja Likasi kumalizia masomo ya ualimu, shule haikuwa na mabweni, na parokia ikanipeleka kwa Mama Justine, ambaye hakuwa na mtoto na alikuwa na chumba. Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka uliofuata ule watu wenye asili ya jimbo la Kasai walipofukuzwa Katanga. Nilisoma majuma machache, kisha walimu wakagoma kwa kukosa mshahara, na tangu hapo kazi yangu kubwa ikawa kuchagua mawe kwenye mchele, siku tulizopata mchele. Nyumba ilikuwa ya kampuni ya madini, kama zote za mtaa ule: matofali, vyumba viwili, sebule yenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu mpaka unajiona uso, jiko la umeme ambalo waya zake zilikuwa zimekufa, na juu yake mbabula ya makaa ambayo ndiyo iliyofanya kazi. Kuta za ndani hazikufika darini. Mtu akikohoa chumba hiki, wa chumba kile anamwambia pole. Mama Justine alisugua ile sakafu kila Jumamosi hata nta ilipokwisha. Alitumia nta ya mishumaa aliyoiyeyusha na mafuta ya taa, na siku mbili nyumba nzima ikanuka kanisa na gereji kwa pamoja.

Barazani palikuwa na kiti cha mbao ambacho hakuna aliyekikalia. Kilikuwa cha bwana wake, Papa Kazadi, fundi wa kuchomelea vyuma kiwandani. Yeye alikuwa mtu wa Kasai, Mama Justine ni Musanga, kabila la palepale. Watu wa Kasai walipofukuzwa na kulala stesheni wakingoja treni, hao wawili walikubaliana kwamba bwana atampeleka mama yake mzee kwao, na bibi atabaki kulinda nyumba, kwa kuwa yeye hakuna wa kumwambia atoke. Miezi michache tu, walisema, maneno yapoe. Mimi nilikuta ametimiza zaidi ya mwaka bila kuleta hata salamu. Kila aliyetoka upande wa Kasai Mama Justine alimkaribisha, akampa maji, akamuuliza. Walikunywa maji, wakasema hawajamwona.

Mnamo kiangazi likaja tangazo lililoufanya mtaa uamke. Kampuni haikuwa na uwezo wa kulipa malimbikizo ya mishahara, kwa hiyo ingewaachia wafanyakazi nyumba walizomo. Kila mmoja aende kusaini kabla mvua hazijaanza. Nyumba ambayo haitasainiwa atapewa mwingine. Watu ambao jana walikuwa wanalalamika kwamba paa linavuja, leo waliliangalia paa hilohilo kwa mapenzi. Jirani mmoja alipaka chokaa ukuta wa mbele tu, wa nyuma hakufikia. Mama Justine alivaa kitenge chake cha Pasaka, akafunga kichwa, akaniambia, "Odile, unisindikize, weye unajua kifaransa yao." Tukaenda.

Bwana wa ofisi ya nyumba alikuwa na shati lenye kola iliyogeuzwa, na jinsi alivyotuangalia nilijua naye hajalipwa. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote. Alituomba tukae, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, shida haiko minye. Ni sheria, code ya famille. Bibi hawezi kusaini contrat bila autorisation ya bwana yake."

"Bwana yangu haiko."

"Njo hapo. Kama haiko, unaenda ku tribunal, juge anakupa autorisation pa nafasi yake."

"Tribunal imefungwa," nilidakia. "Ba juge beko mu grève, bamegoma sawa balimu."

"Najua, mutoto. Bibi yangu vilevile alienda kule, alirudi bure." Akafunga kalamu yake, akasita, kisha akasema kama mtu anayefikiri kwa sauti: "Ungekuwa mujane, mama, ungesaini leo. Mujane haombe muntu ruhusa."

Nilitoka na hasira. Mwanamke aliyeisugua sakafu ile miaka kumi na mitano, aliyebaki peke yake wakati nyumba za jirani zinavunjwa milango, anaambiwa mkono wake hautoshi kuandika jina. Na cha kuniudhi zaidi, mwenyewe hakukasirika. Alisimama njiani kununua lengalenga, akayageuza majani moja moja, akakataa fungu la kwanza, akachukua la pili. Juma lile lile wakaja mtu na mkewe wa mtaa mwingine, wamesikia kuna nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Walibisha hodi kwa heshima. Bwana alifungua bomba kuona kama maji yanatoka, bibi akauliza kama jikoni moshi unarudi ndani, akausifu mpapai. Mama Justine aliwajibu yote. Walipoondoka aliingia chumbani, na kwa kuwa kuta hazikufika darini nilisikia kwamba hakulia. Alikuwa anakunja nguo, anakunjua, anakunja tena.

Jumapili baada ya misa alikuja kaka yake mkubwa, Yaya Kaponda, baba yake Aimée, aliyekuwa akinunua na kuuza madini ya wachimbaji kule Kamatanda. Alileta kapenta, dagaa wakavu. Walikula sebuleni, mimi nikala chumbani kama ilivyo adabu, bukari, ugali wetu wa mahindi, iliyoongezwa muhogo mpaka ikawa ya kijivu. Nilisikia vidole vikigonga bakuli, halafu kaka akasema bila kuzunguka.

"Justine, tufanye kilio."

"Ya nani?"

"Ya Kazadi. Nilishaongea na chef ya quartier, mukubwa wa mutaa. Anasema yeye anasainiaka karatasi ya lufu ya bantu benye balikufwa na balililiwa. Kama iko kilio na jirani beko, anasaini."

"Yaya, unataka nimulilie muntu muzima?"

"Uko na habari yake?"

"Hapana."

"Muntu alimuona?"

"Hapana."

"Basi hauna muntu muzima. Uko tu na kiti ku barza."

Nikasikia mwiko unakwangua sufuria ambayo nilijua haina kitu. "Na kama anarudia?" aliuliza mwishowe.

"Akirudia atakuta nyumba. Bila ile, atakuta muntu mwingine ku mulango."

Watu wa leo wananiuliza tuliwezaje. Swali lao nalielewa, lakini wakati ule mtu kufa ndani ya behewa haikuwa habari ya kushangaza mtu. Wengi walikuwa wamezikwa kando ya reli na watu wasiowajua. Hatukujua kama tunadanganya. Na picha pekee ya Papa Kazadi iliyokuwepo ilikuwa ya harusi, wawili pamoja. Mama Justine aliikunja katikati ili abaki yeye tu, mwanamume mwenye masikio makubwa, suti ya kuazima na mkono wa mtu mwingine begani. Tukaiweka juu ya stuli na mshumaa. Tukatandika mkeka, mama akavaa nguo nyeusi, akakaa.

Saa za mwanzo zilikuwa mchezo mbaya. Alijifunika uso, akatoa sauti, majirani wakaitikia, chef wa quartier akapita, akaona, akala. Hata bwana wa ofisi ya nyumba alikuja na mfuko wa makaa. Mimi nilikaa pembeni yake kama mtoto wa nyumba, nikiona aibu. Kisha wamama wa parokia wakaanzisha nyimbo zao, na mama akainua uso, akaanza kuongea na ile picha. Hakupaza sauti. Aliiuliza ilikosa dereva wa kumpa salamu? Ilikosa hata mlevi mmoja wa kutuma? Aliiambia kwamba mpapai umezaa, kwamba waya za jiko zimekufa na fundi ni yeye. Halafu alilia, na kilio kile hakikuwa cha ofisi. Nami nililia kwa sauti kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumwona, na kwa shule, na kwa bukari ya kijivu, na sijui kwa nini kingine.

Kosa letu lilijulikana siku ya kumaliza. Kwetu mjane haondoki mkekani mwenyewe. Lazima ndugu wa bwana wake wampake unga mweupe mikononi na kumwambia, sasa uende, umefunguliwa. Bila hivyo haruhusiwi kuvua nyeusi, wala kumpikia mwanamume, wala kushika mtoto wa watu. Na ndugu wa Papa Kazadi wote walikuwa wameondoka na treni. Yaya Kaponda, aliyefikiria ofisi, muhuri na chef, hilo hakulifikiria kabisa. Alimwomba mzee mmoja wa jirani asimame badala yao, mzee akakataa kata kata: "Hapana. Muntu hafungue mulango yenye si yake." Kwa hiyo Mama Justine aliinuka hivyo hivyo, amefungwa. Alikwenda kusaini akiwa na nyeusi. Bwana wa ofisi alimpa kalamu kwa mikono miwili, akasema, "Pole sana, mama," na naamini alimaanisha. Nyumba ikawa yake, aikae maisha yake yote, ila kwa sharti lile la mjane: siku akiolewa, haki inakwisha. Siku zile sharti hilo hakuna aliyelitilia maanani. Tulichokiona ni majirani, waliolia nasi vizuri kabisa, wakiacha kumpa watoto wao awabebe. Aliikaa nyumba yake nzuri kama mgonjwa wa kuambukiza.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na mimi nilikuwa barazani mchana nachekecha unga, mtu akabisha hodi langoni. Mwanamume mwembamba, kandambili za plastiki, mfuko begani. Nilimjua kwa masikio yale ya kwenye picha.

"Weye ni nani?" akaniuliza.

"Minye niko naikala hapa."

"Minye vilevile," akasema, akaingia.

Mama Justine alitoka jikoni akijifuta mikono. Hakupiga kelele. Alishika nguzo ya baraza tu, akaibana. Naye aliangalia ile nguo nyeusi kutoka juu mpaka chini, uso ukamshuka.

"Nani alikufwa?"

"Weye," akasema mama.

Alitaka kukaa kwenye kiti chake. "Usiikale," mama akamwambia upesi, na hapo hapo barazani, wamesimama wote wawili, akamweleza yote: tangazo, autorisation, mahakama iliyofungwa, watu waliofungua bomba, kaka yake, chef, unga. Aliongea kwa sauti ya chini, bila kujitetea. Mwanamume alisikiliza kama fundi anavyosikiliza mashine, kichwa kimeinama. Kisha akasema kwamba mama yake alifia njiani, kwamba yeye mwenyewe aliugua muda mrefu, kwamba alituma salamu na watu wawili. Mama akasema hawakufika. Ikawa basi, hakuna aliyemlaumu mwingine.

"Balilia muzuri?" akauliza.

"Sana."

"Na weye? Ulilia bongo, kudanganya tu, ao kweli?"

"Nilianza na bongo," akasema.

Papa Kazadi akacheka kidogo, akajifuta macho na mkono wa shati. Alikuwa bado amesimama kando ya kiti chake. Ndipo jirani wa mbele akatoka kwake, Mama Agnès, aliyemfahamu mtu huyu miaka kumi, aliyekula naye Noeli, aliyelia kilio chake mpaka sauti ikamkauka. Alisimama langoni, akatazama muda mrefu.

"Mama Justine, nani ule?"

Nilimwona mama anaiangalia nyumba. Si bwana wake aliyemwangalia. Aliangalia mlango, sakafu nyekundu inayoonekana ndani, bomba. Mtu akiwa hai, mjane hayupo, na mjane asipokuwepo, saini haipo, na wale mtu na mkewe walikuwa bado wanangoja huko mtaani kwao.

"Ni shemeji yangu," akasema. "Ndugu ya Kazadi. Ametoka Kasai."

Papa Kazadi aliweka mfuko wake chini. Mama Agnès aliendelea kumtazama. Angeweza kutuangusha kwa neno moja, na sikuwahi kumshukuru alivyostahili. "Anafanana naye," akasema polepole. "Bote banafanana, batu ya ile famille." Akasogea hatua mbele, akaona unga mbele yangu. "Basi muzuri amekuya. Ni ndugu ya bwana. Amufungue mujane."

Hakuna aliyekuwa na njia ya kukataa. Mimi ndiye niliyeshika ungo. Papa Kazadi alichota unga kwa viganja vyote viwili, akampaka mke wake mikono, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, polepole, kama anampaka mafuta. Alipofika kwenye vidole alichelewa kuviachia. Maneno yenyewe aliyajua, kila mtu anayajua. "Uende sasa," akamwambia. "Umefunguliwa. Bwana yako hakufunge tena." Mama alijibu asante kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa karibu sikuisikia, niliona midomo tu. Mama Agnès akapiga vigelegele kidogo kama inavyotakiwa, akarudi kwake kupika.

Papa Kazadi alikula siku hiyo akiwa ameketi kwenye stuli, ile ya picha, kwa kuwa kiti kilikuwa cha marehemu. Jioni akaenda Kamatanda kwa Yaya Kaponda, akapata kazi ya kutengeneza mabaro, vyuma vya kuchimbia vya wachimbaji, akabaki huko. Kila Jumapili alikuja kula. Mtaa ulimwita Shemeji, kwanza kwa kukonyezana, halafu bila kukonyezana, halafu wakazaliwa watoto, Aimée mmoja wao, ambao hawakujua jina lingine. Kwa desturi, ndugu wa marehemu angeweza kumrithi mjane, na nilipomaliza shule na kuhama nilikuwa nimetumaini hivyo. Lakini mjane akiolewa anatoka nyumbani, kwa hiyo walibaki hivyo. Alitengeneza waya za jiko. Alikuwa akiondoka kabla giza halijaingia, watu wamwone akiondoka.

Aimée anafanya kazi ofisini Lubumbashi. Amenunua kiwanja, amesaini mwenyewe, bwana wake aliona mkataba baada ya majuma mawili. Siku moja nilimtajia ile autorisation akacheka. "Autorisation ya nini, Tantine?" Sheria ilibadilishwa, na ni vizuri ilibadilishwa, nami niliposikia redioni nilizima redio nikakaa. Nilihesabu nani wa kumpigia simu, nikaona hakuna la kumwambia. Walikuwa wameshazeeka. Paa la nyumba ile linavuja sasa, mpapai ulikatwa zamani, sakafu imepasuka na wekundu wake umebaki pembeni tu, ambako miguu haifiki.

Alasiri ile ya kilio mvua ilirudi, wanaume wakainua viti vyao wakasogea chini ya paa la baraza. Shemeji hakusogea nao. Alivua viatu mlangoni, akaingia chumba cha wanawake, kofia mkononi, akaenda moja kwa moja ukutani penye ule mkeka. Aliukunjua mwenyewe, kwa shida, mgongo haukunjiki tena vizuri, akautandika karibu na picha, akashuka chini kwa goti moja, kisha la pili. Wimbo ulikatika. Aimée alikuja haraka, akamwinamia, akamsemesha kwa heshima, maana amemjua tangu utoto.

"Shemeji, pole. Pale ni nafasi ya bwana yake."

"Najua, mutoto yangu," mzee akasema. "Njo maana naikala."

Aimée aliniangalia mimi. Nilisogea, nikamvutia mkeka ukae sawa chini ya magoti yake.